Unawalea Vijana, Wewe Anakulea Nani?

Kulea vijana wa kanisa ni kazi isiyo na mshahara wala saa ya kufunga. Kisiwani Pemba, ambako kundi zima linaweza kuenea kwenye mkeka mmoja, wanaoifanya wana mengi ya kutufundisha kuhusu huduma, ndoa na kupumzika.

Kama wewe ni mmoja wa wale wanaotoka ofisini saa tisa na nusu, wanapita sokoni kuchukua samaki, wanapika haraka haraka, halafu saa kumi na moja wanashika Biblia na gitaa kwenda kukutana na vijana, makala hii ni yako. Na kama wewe ndiye mume au mke wa mtu wa namna hiyo, unayebaki nyumbani ukiitazama sahani iliyofunikwa, basi makala hii ni yako zaidi.

Nawazungumzia walezi wa vijana makanisani. Wengine wanaitwa mwenyekiti, wengine mwalimu wa kwaya, wengi wanaitwa tu "dada" au "kaka". Mchana ni walimu, wauguzi, wahasibu, askari na watu wa benki. Jioni wanalea watoto wa watu bure, wakiwa na ndoa changa na watoto wao wadogo nyumbani. Wakichoka hawasemi. Wanaacha kuja, basi. Inaanza Jumatano moja, zinakuwa mbili, mwisho unasikia, "Aah, yule siku hizi yuko bize."

Swali langu la mwezi huu, mpenzi msomaji, ni dogo: hawa wanaowalea vijana, wao wanalelewa na nani?

PEMBA SI DAR

Mimi na mume wangu tunaishi Chake Chake. Kazi ndiyo iliyotuleta, kama ilivyowaleta Wakristo wengi mnaowakuta hapa. Kwa sensa ya mwaka 2022, Pemba ina watu zaidi ya laki 5, na karibu wote ni Waislamu. Makanisa yapo, lakini ni machache na waumini wake hawajazi hata daladala chache. Ukiingia Jumapili utamkuta muuguzi aliyetoka Moshi, mwalimu wa Mbeya, askari wa Dodoma, mfanyabiashara wa Iringa, na watoto wao.

Kundi letu la vijana lina watu kumi na mmoja. Hapo ni wakija wote. Mvua za masika zikikolea, wakifika sita tunamshukuru Mungu.

Mtu aliyezoea Dar es Salaam, kwaya ya vijana themanini na spika kubwa kama kabati, akifika huku anapigwa na butwaa. "Jamani, vijana wako wapi?" Anajibiwa, "Hawa ndio vijana wenyewe." Nimeona wengi wakijaribu kuitibu hali hiyo kwa kuongeza ratiba. Mkesha wiki hii, semina wiki ijayo, mazoezi ya kwaya kila siku, na wote wanaotakiwa kuhudhuria ni wale wale kumi na mmoja. Baada ya miezi sita kila mtu yuko hoi, na mlezi ndiye hoi kuliko wote.

Kinachotuumiza ni kipimo. Tumezoea kuipima kazi ya Mungu kwa mabenchi yaliyojaa. Lakini hebu tuitazame historia ya visiwa hivi vyetu. Mwaka 1864 Askofu William Tozer wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alipofika Unguja, Sultan Majid alimkabidhi wavulana watano waliokuwa wamekamatwa ndani ya jahazi lililobeba watumwa. Watano tu! Hawakuwa na baba wala mama karibu. Mmoja wao, John Swedi, mwaka 1879 alipewa ushemasi. Shule ya Kiungani iliyokua kutokana na mwanzo huo ikamlea pia Cecil Majaliwa, naye mtumwa aliyekombolewa, ambaye mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika misheni ile. Na kazi yake kubwa hakuifanya Unguja. Aliifanya bara, kusini kabisa, kwa Wayao.

Hapa Pemba nako kuna mwanzo wa aina hiyo. Mwaka 1897 utumwa ulipoondolewa kisheria, Marafiki, yaani Quakers, kutoka Uingereza walianzisha misheni yao Banani, karibu na Chake Chake, kwenye shamba la mikarafuu. Walitaka waliokuwa watumwa wapate kazi ya ujira, wakae, wajifunze, wajitegemee. Ilikuwa kazi ya taratibu, ya mtu mmoja mmoja.

Ninachotaka kusema ni hiki. Kisiwa kama hiki ni kituo. Watu wanapita. Kijana anamaliza kidato cha sita anakwenda chuo bara, askari anabadilishiwa kikosi, binti anaolewa Tanga. Kazi ya mlezi wa vijana wa Pemba ni kumwandaa mtu ili siku ya kuondoka aondoke akiwa amesimama. Ukikubali hilo, kumi na mmoja wanatosha kukupa kazi ya miaka. Lakini ni kazi inayokula moyo, maana kila unayempenda utamsindikiza bandarini. Huwezi kuifanya ukiwa peke yako, wala ukiwa umechakaa.

"SISI TUNA NYUMBA AU TUNA OFISI?"

Kuna wanandoa nitakaowasimulia kwa ruhusa yao, majina nayaweka pembeni. Walikuja Wete wakiwa na mwaka mmoja wa ndoa, wote wafanyakazi. Bwana akachaguliwa mlezi wa vijana, na kwa kuwa kanisa halikuwa na ukumbi, sebule yao ndiyo ikawa ukumbi. Jumanne kwaya, Jumatano Biblia, Ijumaa maombi, Jumapili mchana "wamepita tu kusalimia". Bibie anapika wali wa watu wanane bila taarifa. Simu inalia saa tano usiku, kijana ameachwa na mchumba, anataka ushauri sasa hivi. Mwisho wa mwezi mshahara umeishia kwenye nauli za watu, soda, nyuzi za gitaa na fotokopi.

Usiku mmoja, sebule ilipotulia, mke aliuliza, "Mume wangu, hivi sisi tuna nyumba au tuna ofisi?"

Mume akacheka. Mke hakucheka. Mwezi uliofuata alimchukua mtoto wakapanda boti, wakaenda Unguja kwa dada yake. Aliaga anakwenda kupumzika siku tatu. Alikaa wiki tano.

Mwenyewe aliniambia hivi: "Dada, sikumchukia mtu. Wale vijana niliwapenda, mpaka leo nawapenda. Nilichoka kuwa wa mwisho."

Mume alimfuata. Hakwenda na shemeji wala mchungaji, alikwenda na daftari. Wakakaa barazani kwa yule dada wakaandika wanayoweza na wasiyoweza. Nimeyaona mapatano yao, na nimeomba niwape yalivyo:

- Vijana nyumbani ni siku mbili kwa wiki. Siku nyingine wanakutana kanisani, au kwa mtu mwingine kwa zamu.
- Saa tatu usiku mlango unafungwa na simu inaingia kabatini. Dharura ni tatu: ugonjwa, msiba, na mtu kuwa hatarini. Kuachwa na mchumba kunauma, lakini kunaweza kusubiri asubuhi.
- Kuna fungu la vijana, kiasi walichokubaliana wote wawili. Likiisha, limeisha mpaka mwezi ujao.
- Chakula cha vijana wanapika vijana. Wa kiume pia.
- Jumamosi jioni ni ya wawili. Wanakwenda kula pweza, wanatembea, wanarudi. Habari za kanisa hazizungumzwi.

Je, vijana walikasirika? Wawili walinuna kama wiki hivi. Waliobaki walizoea haraka, na mmoja wao, binti wa miaka kumi na tisa, alimwambia yule mke jambo ambalo nadhani linazidi semina nzima ya uchumba: "Mama, nilikuwa sijawahi kuona mwanaume akisema hapana kwa watu ili arudi kwa mke wake."

Unaona? Mapumziko yao yakawa somo. Ukitaka kuwafundisha vijana ndoa, kwanza waone inayolindwa.

Na msidhani kuchoka ni upungufu wa imani. Fungua 1 Wafalme, sura ya 19. Eliya ametoka kwenye ushindi mkubwa mlimani Karmeli, halafu anakimbia, anakaa chini ya mti, anaomba afe. Malaika anayetumwa kwake hamkemei. Anampa mkate wa moto na maji, anamwacha alale, anampa tena. Safari ya Horebu inakuja baadaye. Na mwisho wa sura anapewa Elisha wa kumsaidia. Chakula, usingizi, mwenzako. Kwa utaratibu huo huo.

MAPENZI KWENYE KUNDI DOGO

Tusidanganyane. Vijana wakikutana, mapenzi yanakuwepo. Kwenye kundi la mia, wawili wakiachana, mmoja anahamia upande wa pili wa kwaya. Kwenye kundi la kumi na mmoja, wawili wakiachana, hakuna upande wa pili. Kundi zima linagawanyika na mlezi anabaki katikati, kila upande unamtaka awe hakimu.

Mimi nina kanuni tatu. Ya kwanza, mlezi asiwe kuwadi na asiwe polisi. Usimwambie fulani "mbona huyu anakufaa", na usipekue simu ya mtu. Ya pili, liseme jambo hili mapema, kabla halijatokea: "Mkipendana, hatuwakatazi. Mkiachana, hamtalazimishwa kueleza. Ila hakuna kusemana vibaya mbele ya wenzenu." Ya tatu, maongezi ya faragha yafanyike barazani. Wazee wa visiwa hivi walijua kujenga: ukikaa barazani kila mpita njia anakuona, lakini hasikii unachosema. Kaka mlezi akitaka kuzungumza na binti, waketi hapo. Heshima ya binti inalindwa, na ya mlezi pia.

Halafu kuna lile ambalo wengi hatutaki kuligusa. Kijana wa kikundi anampenda binti wa jirani, Mwislamu. Alinijia mmoja, ana miaka ishirini na nne, anauza na kutengeneza simu. Macho yanang'aa. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, umeshakaa na baba yake?"

"Bado, dada."

"Yeye ameshamwambia mama yake?"

Kimya.

Nilimweleza kwa upole, na ninyi nawaeleza. Kwa Uislamu, mwanamke Mwislamu haruhusiwi kuolewa na mwanaume asiye Mwislamu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo wengi tunadhani ni ya nchi nzima, inatumika Tanzania Bara tu. Zanzibar, ndoa za Waislamu ziko chini ya Mahakama za Kadhi. Kwa hiyo mbele yao kuna mambo mawili: abadili dini mmoja wao, au waachane. Atakayeumia zaidi mambo yakivuja ni binti, maana yeye ndiye mwenye mtaa, shangazi na jina la ukoo hapa. Wewe utapanda boti.

Sikumchekea, sikumtisha, na wala sikumpa moyo wa "mlete tu kanisani". Binti wa watu si mradi wa kuongeza waumini. Alikaa barazani kwetu mpaka magharibi, akaondoka kimya. Wiki mbili baadaye alinitumia ujumbe mfupi kwamba wamekubaliana kuacha kabla hawajaahidiana chochote. Jioni hiyo mume wangu alikwenda kukaa naye dukani mpaka anafunga. Hawakuzungumza dini. Walitengeneza simu.

JIRANI ANASIKIA KILA KITU

Mlezi wa vijana Pemba analea vijana mbele ya majirani. Nyumba zimekaribiana na sauti inasafiri. Bibi jirani yangu, mtu wa Chake Chake hasa, alinisimamisha siku moja: "Mwanangu, vijana wako wanaimba vizuri, wallahi. Ila huyo wa ngoma mwambie apunguze, mzee wangu kalala." Tukapunguza. Siku ya pili akatuletea sahani ya halua ya Wete. Ngoma sasa inapigwa kanisani tu.

Mambo haya ni madogo, lakini ndiyo yanayoamua kama vijana wako wataishi kwa amani. Mwezi wa Ramadhani hatuli wala kunywa njiani mchana, na ratiba zetu hazigongani na futari wala tarawehe. Mtaa ukipata msiba tunakwenda, wasichana wamejifunga kanga vizuri, wavulana wanabeba maji na viti. Watoto wa jirani wakija kusikiliza gitaa, hatuwafundishi dini bila wazazi wao kujua. Hakuna ujanja hapo. Sisi wenyewe tusingependa tufanyiwe.

Sisemi hakujawahi kuwa na hofu. Desemba 25, 2012, Padri Ambrose Mkenda alipigwa risasi Unguja akajeruhiwa. Februari 17, 2013, Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi Unguja, asubuhi ya Jumapili, akienda kuadhimisha misa. Matukio ya namna hiyo hayafutiki. Kijana wa leo alikuwa mtoto mdogo wakati ule, lakini ameyasikia kwa wazazi. Mlezi anapaswa kujua hofu hiyo ipo, aisikilize, halafu asiichochee. Maneno ya "wao wanatuchukia" usiyaruhusu kwenye kikundi chako, kwa sababu kesho yake kijana huyo huyo anakaa dawati moja skuli na Khamis na Asha, na ndio wanaomwazima daftari.

Na mifano mizuri haikosekani. Unguja kuna mradi wa ushonaji wa Upendo, ambapo wanawake Waislamu na Wakristo wanajifunza cherehani pamoja na kuuza nguo zao Mji Mkongwe. Februari 4, 2019, Papa Fransisko na Sheikh Mkuu wa Al-Azhar, Ahmed el-Tayeb, walitia saini pamoja huko Abu Dhabi hati ya udugu wa kibinadamu. Al-Azhar si jina geni visiwani. Ukiwaambia vijana habari hiyo, na wakamwambia jirani, yanakuwa mazungumzo mazuri ya barazani.

BARUA YA UHAMISHO IKIFIKA

Tatizo linaloua vikundi vingi vya huku ni barua moja ya kurasa moja: umehamishiwa kituo kingine, ripoti ndani ya siku kumi na nne. Mlezi anafungasha, vijana wanalia bandarini Mkoani, boti inaondoka na kila kitu kiko kichwani mwake. Anayemfuata anaanza upya kama vile hakukuwa na mtu.

Dawa yake ni rahisi mno. Nunua daftari gumu. Andika majina ya vijana, siku zao za kuzaliwa, wazazi wanapatikana vipi, nani anasoma nini, mada mlizofundisha, nani anaweza kuongoza nini, fedha zilizopo. Siri za watu usiandike. Kila baada ya miezi mitatu mwachie kijana mmoja aongoze kikao kizima, wewe ukae nyuma unyamaze. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu! Barua ikija, kuna daftari na kuna mtu aliyezoea.

Na kijana anayeondoka naye asiondoke hivi hivi. Sisi tuna desturi ya kumtafutia mtu wa kumpokea huko aendako. Simu moja tu: "Anakuja kijana wetu, anaitwa fulani, anapenda kupiga kinanda, ni mwoga kidogo wiki ya kwanza." Wengi wanaopotea njiani wanapotea kwenye wiki hizo za mwanzo, wakiwa na begi, hawamjui mtu.

VITENDEA KAZI USIVYOHITAJI KUAGIZA NG'AMBO

Walezi wengi huniuliza, "Dada, vitabu tutapata wapi, mafunzo tutapata wapi?" Anzia hapa:

1. Ona, Amua, Tenda. Ni njia ya Padri Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanzisha chama cha vijana Wakristo wafanyakazi mwaka 1925. Kwetu Tanzania wapo VIWAWA, Vijana Wakatoliki Wafanyakazi. Haidai projekta. Chukua jambo moja la kweli, mfano kijana aliyejiingiza kwenye mikopo ya simu. Dakika ishirini mnaona: ilikuwaje, nani anaumia? Ishirini mnaamua: Maandiko na dhamiri zinasemaje? Ishirini za mwisho mnapanga tendo: nani atafanya nini kabla ya Jumatano ijayo? Watu sita wanatosha kabisa.

2. Vyama vya wanafunzi. Kijana anayekwenda skuli ya bweni au chuo bara mwelekeze mapema. TYCS na UKWATA wapo sekondari, CASFETA ni wa Kipentekoste, TMCS ni wa Wakatoliki vyuoni, na TAFES inawakusanya wanafunzi wa kiinjili. Hapo ndipo pa kuwatafuta watu wa kumpokea.

3. Waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2019, Christus Vivit, uliotoka baada ya sinodi ya vijana ya mwaka 2018. Hata kama wewe si Mkatoliki utapata kitu. Unasisitiza kwamba vijana wenyewe ndio watendaji wa utume wa vijana, na unaonya kuhusu walezi kupandishwa juu kama watu wasiokosea. Ukipandishwa huko, siku ukiteleza vijana wanaanguka na wewe.

4. Ulinzi wa watoto. Kikundi kikiwa na walio chini ya miaka 18, isome Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011. Ukisikia mtoto amefanyiwa ukatili, huo si mgogoro wa kusuluhisha sebuleni. Kuna namba ya simu ya bure 116, na kuna vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini Chake Chake na Wete.

5. Mtu wako wa mbali. Tafuta mtu mmoja aliye nje ya kisiwa, mwenye umri na busara, asiye bosi wako wala ndugu wa mkeo au mumeo. Mpigie mara moja kwa mwezi. Mwambie ukweli. Mimi wangu ni mama mmoja mstaafu yuko Morogoro. Swali lake la kwanza ni lile lile kila mwezi: "Mwanangu, mara ya mwisho kucheka ni lini?"

KWENU WACHUNGAJI NA WAZEE WA KANISA

Naomba niwachokoze kidogo. Mlezi wenu wa vijana mmempa nini zaidi ya jina? Hamna fedha, sawa, tunafahamiana. Lakini Jumapili moja kwa mwezi ya kutokuwa na zamu haiuzwi dukani. Mtu wa pili wa kusaidiana naye haagizwi kwa boti. Chakula cha mchana kwa mlezi na familia yake, mara moja tu kabla ya Krismasi, hakifilisi kanisa. Mkishindwa yote hayo, basi acheni kumuuliza mbele ya watu kwa nini vijana ni wachache.

Na wewe mume au mke wa mlezi, usisubiri mpaka ufungashe. Sema mapema, sema kwa upole, na mje na daftari kama wale wenzetu wa Wete. Bado wapo huku, wana mtoto wa pili sasa. Sebule yao Jumanne na Jumatano inajaa watu saba. Siku nyingine ni sebule.

Nimalizie na wewe uliyechoka leo. Dalili unazijua: jina la kijana likitokea kwenye simu, unavuta pumzi kwanza. Unaomba mvua inyeshe ili wasije. Unasali ukiwa kwenye kikundi tu, ukiwa peke yako huna neno. Kama ndivyo, usijiuzulu wiki hii na usianzishe programu mpya wiki hii. Mwambie mtu mmoja. Omba wiki mbili. Ule, ulale. Vijana kumi na mmoja hawatasambaratika kwa wiki mbili, na kama watasambaratika, basi hata ukiwepo walikuwa wamekushikilia wewe tu, jambo ambalo si zuri kwao.

Na wewe msomaji ambaye hulei vijana wa mtu, lazima unamfahamu mmoja anayewalea. Ukimwona Jumapili hii, usimuulize idadi ya vijana. Muulize kama amelala vizuri, umsikilize mpaka amalize kujibu, na kama ana watoto, jitolee kukaa nao Jumamosi moja jioni.

Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.